Kabla Saruji Haijashika

Alfajiri moja mama anayefanya kazi kiwanda cha saruji, kitengo cha kufungasha, alitoka nje akiwa amevaa raba za binti yake na sketi ya zamani, akavuta mlango taratibu, akaangalia kulia na kushoto kama kuna jirani, akaanza kukimbia. Kiwandani wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikimbia kutoka mlangoni kwake mpaka duka la vipuri, umbali ambao mtu aliyebanwa na haja angeumaliza bila kuhema. Hapo akasimama, akashika magoti, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Jasho lililomtiririka usoni lilikuwa la kijivu. Lilidondokea kwenye shimo la katikati ya njia, na alipoinuka aliona shimo limepungua kina.

Hakushangaa. Mtu aliyesimama mbele ya mashine ya kufungasha tangu usichana wake anaijua saruji akiiona. Alichota kidogo kwa kidole, akaisugua kwa gumba. Ilikuwa laini, haina hata punje.

"Mbichi," akasema peke yake, na moyo ukamshuka mahali pake, kwa sababu hicho ndicho alichotoka kwenda kukijua.

Ya mumewe ilikuwa imeshashika. Mumewe alikuwa fundi wa vinu, watu wakamzoea kwa jina la Fundi, na mpaka leo wanamwita hivyo ingawa hashiki tena hata bisibisi. Alianza na kikohozi, kama wengine wote. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hao hawakufanya kazi pale. Pale kikohozi kilifichwa miaka, na mapenzi ndiyo yaliyokuwa yakijulikana siku hiyohiyo. Baada ya kikohozi kifua kikawa kizito, ngazi zikawa ndefu, halafu asubuhi moja Fundi alijigonga kifuani kwa vifundo vya vidole na ikasikika kama mtu anayegonga ukuta. Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti. Alivunja kiti, akavunja na kochi, mpaka mchomeleaji wa mtaani akamtengenezea benchi la chuma. Miguu ya benchi hilo huzama sakafuni kidogokidogo, kwa hiyo kila baada ya muda ndugu zake huja na mitalimbo, wakalinyanyua na yeye juu yake, wakalisogeza penye sakafu nzima. Anapumua kwa kasehemu kadogo kalikobaki juu karibu na mabega. Anaongea sentensi fupi, maana zile ndefu hazimfikishi.

Daktari wa kiwanda alimpima na kusema mapafu ni mazuri mno. Picha ya eksirei ilitoka nyeupe yote, daktari akasema imeingia mwanga. Alipoelezwa habari za viti na kochi, akashauri mzee apunguze wanga.

Kwa hiyo Shangazi alipoanza kukohoa naye, hakuna aliyepoteza muda wa kwenda kwa daktari. Fundi alimwambia ageuke, akamwekea sikio mgongoni, akasikiliza kwa utulivu uleule aliokuwa akisikilizia vinu.

"Yako bado," akasema. "Inatembea."

"Sasa nifanyeje, Fundi?"

"Lori la zege. Kwa nini pipa linazunguka njiani?"

Swali hilo hata mtoto wa mtaa ule angelijibu. Zege likibebwa huzungushwa njia nzima ili lisishike. Likisimama tu, linalobaki ni kazi ya nyundo.

"Basi na wewe," Fundi akasema, akapumzika, "usisimame. Kimbia."

Ikawa bahati kwamba wiki hiyo kiwanda kilibandika tangazo la Mbio za Afya, kilomita tano, kwa wafanyakazi na majirani wema. Aliyejiandikisha angeruhusiwa kutoka ving'ora vikilia bila kubakizwa kazi za ziada. Shangazi akajiandikisha. Wenzake wa kufungasha, watu ambao hawajawahi kumwonea mtu huruma kwa jambo linalochekesha, walimwona akiandika jina wakaacha mifuko.

"Shangazi, mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema mpakiaji mmoja, jitu la miraba minne.

"Heri mimi nitafika ukingoni," Shangazi akamjibu. "Wewe jana umepumzika mara mbili ukienda msalani."

Wakacheka, halafu wakakohoa wote kwa pamoja, wakarudi kwenye mifuko.

Aliyemfundisha kukimbia alikuwa mkunga wa zahanati ya mtaa, jirani yake wa nyumba ya tatu, mwanamke mwembamba anayekimbia kila alfajiri na hamwambii mtu kwa nini. Alfajiri ile ya kwanza alimkuta Shangazi ameinama pale duka la vipuri, akaangalia lile jasho, akaangalia shimo.

"Unatoa simenti," akasema.

"Natoa."

"Basi usikimbie kama unafukuzwa na deni, utachoka kabla haijatoka. Kimbia mpaka nguzo ile ya umeme. Kisha tembea mpaka ile nyingine. Tena kimbia."

Wakaendelea hivyo kila alfajiri, kimbia nguzo, tembea nguzo. Mkunga alikuwa na lugha moja tu, ile ya chumba cha kujifungulia, na aliitumia barabarani bila kubadilisha neno. "Vuta pumzi puani. Toa mdomoni. Usisukume, bado, nitakuambia mwenyewe." Kinyozi mmoja aliyekuwa akifungua kibanda chake alisikia, akawauliza kama wanahitaji gari. Mkunga akamwambia wakihitaji watamjulisha.

Mwanzoni ilikuwa taabu tupu. Mapaja yalimuuma Shangazi mpaka akawa anashuka kitandani kinyumenyume. Aliona aibu kwa namna matiti yanavyomruka, kwa namna anavyohema kama mbuzi wa kupelekwa mnadani, kwa wanafunzi waliokuwa wakimpita wakitembea. Lakini kila akirudi alikuwa mwepesi kidogo, na yale mashimo aliyosimamia kukohoa yalikuwa yakijaa. Mvua ikinyesha au mtu akimwaga maji ya kufulia, yalishika, yakawa barabara.

Tatizo lilikuwa maji. Kufungasha kuna amri moja inayozipita zote: saruji na maji visionane kabla ya wakati wake. Mfuko ulioguswa na tone moja ni mfuko uliokufa. Kwa hiyo watu wa kitengo kile hawanywi maji tangu wanaingia mpaka wamekwishaoga jioni, na wengine hata jioni hunywa kwa kuiba. Kiwanda huwapa pakiti ya maziwa kila mmoja, kwa imani kwamba maziwa huteremsha vumbi. Uongozi uliikubali imani hiyo upesi sana, maana vichujio vya kunyonya vumbi vilichanika zamani za meneja aliyepita na maziwa hayahitaji kupandiwa ngazi. Shangazi, ambaye kifuani alijua fika alichobeba, aliona kwamba kukimbia na kunywa maji ni kujichanganyia zege mwenyewe. Akafanya mazoezi yote mdomo mkavu.

Siku moja akaanguka mbele ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamletea maji kwenye kikombe cha kunyolea. Shangazi akabana meno.

"Fungua mdomo," Mkunga akasema.

"Itashika."

"Haishiki. Maji yanakwenda tumboni, simenti iko kwenye mapafu. Ni vyumba viwili tofauti."

"Wewe umeingia ndani ukaona?"

"Sijaingia. Ila nimewapokea wengi waliotoka, na hakuna aliyelalamika."

Kinyozi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Shangazi hakucheka wala hakunywa. Walimrudisha nyumbani wamemshika makwapa, midomo imempasuka, wakamweka kwenye mkeka mbele ya benchi la mumewe. Mkunga akaeleza yaliyotokea, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukasirika na sasa amechoka.

Fundi alimtazama mkewe. Alikuwa anakusanya pumzi.

"Mimi sikunywa," akasema. Akapumzika. "Miaka yote. Kiu mpaka ulimi unakwama." Akapumzika tena. "Imeshika hivyohivyo."

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Alikuwa na fahari nayo, ile kiu. Wakati wenzake walipokuwa wakiiba maji bombani yeye alikuwa akipita pembeni na koo lake kavu, anajiona mjanja. Shangazi alimwangalia mtu huyu aliyevumilia kiu ya bure, akaona huruma na hasira vimemjia pamoja asijue kipi akitangulize. Akaomba kikombe. Akanywa, akaomba kingine. Mkunga akakaa kwenye ncha ya mkeka, akavua viatu, akafumba macho.

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Akinywa kabla ya kutoka, jasho lilimwagika, na saruji haikusubiri tena kikohozi, ilitoka hata mgongoni. Sketi ikisahauliwa bila kufuliwa siku moja ilisimama yenyewe. Mtaa mzima ukaanza kuwa na barabara. Jirani mwenye bibi wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu alikuja kuomba, kwa heshima zote, kama Shangazi anaweza kupitia kwake, hasa pale penye mtaro. Mwenye duka la vipuri alitaka ngazi mbili. Kinyozi akataka baraza. Shangazi akawaambia yeye si fundi mwashi, anakimbia tu, wanaotaka saruji wasimame barabarani waingoje. Ofisa wa manispaa alikuja na pikipiki, akaitazama njia kutoka juu ya usukani, akamwomba akimbie upande wa kushoto zaidi kwa sababu wa kulia uko kwenye bajeti.

Halafu wenzake wakaanza kumfuata. Wa kwanza alikuwa lile jitu la miraba minne. Alisema amekuja kumcheka tu, akakimbia nguzo moja, akajibanza kwenye ukuta, akatoa ndoo nzima ya saruji. Alikaa chini akailia, mtu mzima, kwa sababu hakuwa amejua. Kesho yake alikuja na mkewe. Baada ya siku kadhaa kitengo cha kufungasha chote kilikuwa barabarani alfajiri kikikimbia nguzo na kutembea nguzo, Mkunga akiwazunguka na kuwaambia wasisukume, na nyuma yao njia ikibaki ya kijivu, nyororo, inayofuka kidogo.

Kiwanda hakikuchelewa kusikia. Kilituma mtu wa maabara, akachukua sampuli kwa kijiko, akaipima, akaleta majibu kwamba ni saruji yao halisi na ubora wake ni wa juu. Meneja alifurahi. Mkuu wa walinzi hakufurahi, kwa kuwa kila jioni aliwapekua wafanyakazi getini hadi ndani ya soksi wasitoke na hata konzi moja, na sasa alionekana mzembe. Aliandika barua kupendekeza watu wapimwe kwenye mizani wakiingia na wakitoka. Kikao kikaitwa kwenye bwalo, na wakimbiaji wakakalishwa mbele. Baada ya kujadiliana, meneja akatangaza kwamba uongozi umesamehe. Saruji hiyo itahesabiwa kuwa mchango wa kampuni kwa jamii. Tena njia ya Mbio za Afya itabadilishwa: badala ya kuzunguka uwanja wa mpira, itapita barabara ya vumbi inayotoka getini mpaka sokoni, ile iliyochimbwa na malori ya kiwanda chenyewe.

Watu wakapiga makofi. Shangazi akanyoosha mkono.

"Samahani, bwana meneja. Na vile vichujio?"

"Vimeagizwa, mama."

"Vimeagizwa tangu mume wangu anatembea."

"Ndiyo maana tunasema vimeagizwa," meneja akasema kwa upole kabisa, akafunga kikao.

Jioni ya kuamkia mbio, jua likiwa bado halijazama, Fundi alimwita mkewe akae tena karibu na benchi. Alimsikiliza bega la kulia, la kushoto, mbavu, akashuka. Alipofika chini kushoto akasimama hapo.

"Imebaki moja," akasema.

"Kubwa?"

"Kama yai." Akavuta pumzi. "Nje imeanza kushika. Ndani bado."

"Si nitaitoa polepole, kama zile nyingine?"

Fundi akatikisa kichwa. Kwa mazoezi ya nguzo kwa nguzo hiyo isingetoka. Ilitaka kishindo. Ilitaka mtu akimbie kweli, mwanzo hadi mwisho, bila kutembea hata nguzo moja, na isipotoka kesho, basi mwezi ujao itakuwa jiwe, na jiwe likishapata makao huita ndugu zake. Haya yote Fundi aliyasema kwa maneno machache kuliko mimi, na mkewe aliyaelewa. Hakula sana. Alilala ameegemea mito kama kawaida yake, maana akilala chali lile yai lilimkandamiza moyo, na aliogopa, wala hakujidanganya kwamba haogopi.

Asubuhi kulikuwa na watu wengi getini kuliko alivyodhani. Kulikuwa na muziki, maturubai, maji ya chupa, vijana wa klabu ya riadha wenye miguu kama mikwaju wanaorukaruka mahali pamoja, na karani wa mauzo aliyevalishwa mfuko mkubwa wa saruji wa sponji wenye mikono na macho mawili, awafurahishe watoto. Naye alikuwa na namba, kwa hiyo naye alikuwa mshindani. Meneja alipuliza filimbi. Vijana wa klabu wakatoweka. Kitengo cha kufungasha kikaondoka kama kilivyozoea, kwa kishindo na kukohoa, na vumbi likapanda.

Shangazi aliondoka kwa kasi mno, kama anayeanza yeyote. Kabla ya kufika kwenye mizani ya malori alikuwa ameshakwisha. Kwenda mbio si kufika, alijikumbusha, na akapunguza, na yule mfuko wa saruji akampita akipungia watu mkono. Hilo lilimuudhi kuliko alivyotarajia. Mkunga, aliyekuwa akikimbia pembeni yake bila hata kuhema, akamwambia amwache, mfuko hauna pa kwenda. Walikimbia. Jasho likaanza kumtoka, ila jepesi, karibu jeupe. Kilichobaki kilikuwa kimekaa kule chini kushoto na hakitikisiki.

Njia ilipita mbele ya nyumba yake. Shemeji zake walikuwa wamepiga mitalimbo tangu alfajiri, wakalisogeza benchi mpaka mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu liletwe, na Fundi alikuwa amekaa pale, nusu yake juani. Shangazi hakuwa ameambiwa. Alimwona mumewe nje ya nyumba, jua limempiga kwenye magoti, na miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe bila kumuuliza. Alitaka kusimama. Alitaka kumshika mkono, kumfuta uso, kumwambia, kumbe unafika mlangoni. Kifuani yai likatulia, tayari kukaa. Alilisikia likitulia.

Fundi alikusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, ile ya siku nzima.

"Pita," akasema.

Akapita. Alipita analia, na hakugeuka, na alipoimaliza kona akaongeza mwendo kwa sababu alikuwa na hasira na hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Ndipo lile yai likang'oka. Lilipanda mbavu, likafika shingoni, likakwama. Hewa ikakata. Alikimbia bila pumzi, macho yanaona giza pembeni, mikono imetangulia mbele.

"Sasa," Mkunga akasema. "Sukuma."

Alisukuma. Likatoka, likapiga barabara, likaruka mara mbili, likavunjika: gumu nje, bichi ndani, kama Fundi alivyosema. Likaingia kwenye shimo na kubaki humo.

Shangazi akavuta hewa, hewa ikaingia. Ikashuka. Akangoja ikwame pale inapokwama siku zote, haikukwama, ikapita, ikashuka mpaka chini kabisa kwenye pembe ambazo alikuwa amesahau kwamba anazo. Akaitoa, akavuta nyingine kuhakikisha. Ilikuwa vilevile. Akaanza kucheka, akicheka anakimbia, na kicheko nacho kilikuwa na nafasi tele. Furaha ilimjaa mpaka akawaonea huruma wale wanaopumua kila siku bila kujua utamu wake. Mkunga akamwangalia usoni kama anavyowaangalia mama wote saa hiyo, akamwambia, "Haya, dada yangu, umepona," kisha akaondoka kwa mwendo wake halisi, akawapita watu kumi na kitu, kwani kumbe muda wote huo alikuwa anajizuia.

Zilikuwa zimebaki nguzo chache. Mbele yake alikuwapo yule mfuko wa saruji, amechoka, macho yake ya sponji yamegeukia mgongoni. Shangazi alimpita karibu na mizani ya soko. Alimaliza akiwa karibu wa mwisho, na mfuko nyuma yake, na alisimama chini ya utepe akapumua mbele za watu bila haya. Lile jitu la miraba minne likambeba juujuu. Barabara yote, kutoka getini hadi sokoni, ilikuwa imejaa mashimo asubuhi, sasa ilikuwa imenyooka. Meneja aliwashukuru wakimbiaji kwa uzalendo. Alisema mwaka ujao zitakuwa kilomita kumi, kwa kuwa njia ya makaburini nayo ni mbovu.

Alipofika nyumbani shemeji zake walikuwa wakinywa chai na benchi lilikuwa bado mlangoni. Alimgeuzia mumewe mgongo kabla hata ya kuvua raba. Fundi akaweka sikio. Alisikiliza juu, akasikiliza kati, akashuka chini kushoto, akarudia, akahamia upande wa pili, hakuwa na haraka. Shemeji wakaacha kunywa.

"Hamna kitu," akasema.

"Una hakika?"

"Upepo tu."

Chozi likamtoka Fundi, la kijivu, likateremka shavuni. Shangazi alimfuta mara moja kwa upindo wa sketi, kwani machozi ya Fundi hushika haraka na jana yake tu alikuwa amembandua moja kwa kijiko. Hakuna aliyesema kwamba na yeye atapona. Hawakuwa watu wa kudanganyana. Walikaa pale mlangoni mpaka jua likahama, yeye akipumua kwa ajili yake mwenyewe na kidogo kwa ajili ya mumewe, ambaye alipenda kuisikia pumzi hiyo. Usiku ule Shangazi alitupa mito yote chini, akalala chali. Alilala mpaka kukapambazuka na hakuota chochote.

Jumatatu akaenda kazini. Vumbi lilikuwa palepale, limetanda toka sakafuni mpaka kwenye vichujio vilivyochanika, na kabla ya chai ladha yake ilikuwa ulimini. Kwenye mdomo wa pili wa mashine alikuta msichana mpya, nywele zake bado nyeusi. Msimamizi akamwambia Shangazi amfundishe. Akamwonyesha namna ya kuvalisha mfuko kwenye mdomo, namna ya kuusukuma kwa goti ukijaa, na upande wa kusimama mlango mkubwa ukifunguliwa. Msichana alikuwa mwepesi wa kushika kazi. Alifuta macho, akauliza barakoa zinachukuliwa wapi.

"Zimeagizwa," Shangazi akasema.

Msichana akakohoa kidogo, akaziba mdomo kwa adabu. "Samahani, Shangazi."

Shangazi akamwangalia kutoka chini mpaka juu, macho yake yakatulia kwenye magoti ya msichana.

"Unakaa wapi, mwanangu?"

"Kule mlimani, nyuma ya shule."

"Njia ya kwenu ina mashimo?"

"Ni mashimo matupu."

"Vizuri," Shangazi akasema, akavalisha mfuko mwingine. "Kesho alfajiri nitakupitia."